Nilivyotalii Mbeya bila Kusema Neno

Nilipotoka Kilolo kwenda Mbeya kujifunza ushonaji, mjomba alinipa onyo moja tu: nisiongee ovyo na watu wa mjini. Alikuwa anamwonya mtu asiyeongea hata na watu wa shambani. Nyumbani niliweza kupalilia viazi na mwenzangu kutwa nzima, tuta kwa tuta, na jioni akishaondoka ndipo nikumbuke kwamba sijamjibu salamu ya asubuhi. Onyo la mjomba nililifuata bila taabu yoyote.

Fundi wangu alikuwa mama wa Kinyakyusa mwenye kibanda cha cherehani pale Mwanjelwa. Tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu alikuwa msichana wa palepale mjini, mdomo wake na mguu wake vilikwenda pamoja: akikanyaga cherehani, anaongea, akiacha kukanyaga, anaongea zaidi. Mimi aliniita Iringa, akaona jina nililopewa na wazazi ni la nini. Suruali zangu zilinyooka. Mifuko yake yeye ilikuwa inatazama pembeni kama macho ya kinyonga. Lakini wateja walimpenda. Mama mmoja aliwahi kuja kwa hasira kulalamikia mfuko, akaondoka anacheka, ameacha kitambaa cha gauni jingine.

Mwaka wangu wa pili ulipokuwa unaelekea ukingoni, Mama akatutangazia kwamba anajenga kibanda cha pili Uyole, na mmoja wetu atakaa huko. Mwingine atakuwa amemaliza mafunzo, aende zake na baraka. Sikuwa na ugomvi na baraka za Mama, lakini nilijua zinanipeleka wapi. Mjomba alikuwa ameshanitengea shamba la viazi. Mimi nilikitaka kibanda cha Uyole. Nilikitaka hata nikawa najua kioo nitakitundika upande gani, na benchi la wateja litakaa wapi lisipigwe na jua la mchana.

Mama alikuwa anajua. Siku moja akaniita mlangoni.

"Suruali zako nzuri," alisema. "Lakini mteja akiingia, wewe unamwangalia magoti. Utampimaje mtu hujamkaribisha? Yule baba wa juzi kasimama pale mpaka kachukua futi akajipima mwenyewe."

Ni kweli alijipima mwenyewe. Na kiuno alikipendelea.

"Sasa sikia," Mama akaendelea. "Kila Jumapili utatoka. Uende mahali hujawahi kufika, peke yako. Jumatatu uje uniambie umeambiwa nini. Sitaki ulichoona. Macho unayo, nayajua. Nataka ulichoambiwa na watu."

Mwenzangu akadakia kutoka ndani, "Mama, na mimi niende?"

"Wewe kaa nyumbani upumzike. Na watu wapumzike."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutalii. Wengine hutalii kwa sababu wana pesa, mimi nilitumwa. Posho yangu ya wiki ilitosha nauli ya kwenda au ya kurudi, si zote mbili, kwa hiyo upande mmoja nilipanda na upande mmoja nilitembea. Na nikagundua jambo ambalo Mama hakulitarajia: Mbeya inaweza kutaliiwa vizuri sana bila kufungua mdomo. Nilipanda kilima cha Loleza nikakaa juu nikatazama mabati ya mji mzima yanavyong'aa baada ya mvua. Nilikwenda stesheni nikalitazama treni la Zambia linavyoingia limechoka. Nilikwenda Songwe nikasimama nje ya uzio wa uwanja wa ndege, nikaona ndege moja inatua, nikaridhika kama vile nami nimeshuka. Hata chakula hakikunipa tabu. Karanga zimefungwa, parachichi zimepangwa kwa mafungu, bei inajulikana. Unaonyesha kidole, unatoa sarafu, unaitikia kwa kichwa. Muuzaji anadhani una baridi.

Tatizo lilikuwa Jumatatu.

"Haya, umeambiwa nini?" Mama aliniuliza mara ya kwanza, amekaa na kikombe chake cha chai kama hakimu.

"Nimeambiwa nisikojoe hapa."

"Na nani?"

"Ukuta."

Mwenzangu alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano. Wiki chache baadaye nikajitahidi zaidi.

"Nimeambiwa nishuke taratibu na nijaribu breki zangu."

"Na nani?"

"Kibao. Pale mteremko wa Mlima Nyoka."

Mama aliitazama miguu yangu. "Kwani unazo breki?"

"Sina, Mama."

"Gwe mwanangu," akasema kwa kilugha chake, akaweka kikombe chini, "siku ukuta utakapoleta kitambaa ushonewe suruali, siku hiyo Uyole nakupa. Kwa sasa suruali zinavaliwa na watu."

Nilisikia aibu, kisha nikasikia woga, maana kibanda cha Uyole kilikuwa kimeshaezekwa. Ilibaki rangi tu. Mama alikuwa ameshanunua makopo, yamepangwa chini ya meza ya kukatia, na kila nilipoinama kuokota mkasi yalinitazama.

Jumapili iliyofuata niliamua kwenda Ziwa Ngozi. Nilikuwa nimeliona kwenye kalenda ukutani: maji ya kijani yamelala ndani ya shimo la mlima, misitu pande zote, na watu husema ukilitazama kutoka juu lina umbo la ramani ya Afrika. Nilitamani kuiona Afrika yote kwa mara moja, tena kwa bei ya kufika Isongole. Nilikuwa nimesikia pia kwamba kuna vijana wanaoongoza wageni kule juu, na kwamba nao lazima mpatane bei. Kupatana bei ni maongezi. Mpango wangu ukawa kufuata njia ya wakulima mpaka msitu uanze, halafu nifuate mlima wenyewe. Mlima hauna mambo mengi, unapanda tu.

Alfajiri pale Uyole nikapata fuso iliyokuwa inakwenda kupakia viazi. Utingo alinyoosha kidole kwenye magunia matupu, nami nikanyoosha kidole kuelekea Isongole. Tukaelewana. Nikashuka Isongole asubuhi, na hapo hapo mvua ikashuka na mimi.

Mvua ya kule haianzi kwa matone, huja ikiwa imekamilika. Nilikimbilia jengo la kwanza nililoliona, nikabana chini ya bati, mgongo ukutani. Ndani walikuwa wanaimba. Kabla sijajua ni kanisa la watu gani, mlango ulifunguliwa, mzee mmoja wa kanisa akanitazama juu mpaka chini, akanishika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni, akanipeleka mpaka benchi la katikati na kunipachika kati ya kina mama wawili wanene. Nilipata joto mara moja. Kutoka kungehitaji kuwaomba wote wawili wasimame, kwa hiyo nikabaki.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka matangazo. Mwinjilisti akafunga kitabu chake, akasema, "Wageni wetu wote wasimame."

Kwetu Kilolo ni hivyo hivyo, na kwetu niko upande wa wenyeji, najua raha ya kumgeukia mgeni na kumkodolea macho. Nikainamisha kichwa. Mama wa kulia akanifinya.

"Simama, baba. Unatuchelewesha kula."

Nikasimama. Nilikuwa mgeni peke yangu.

"Karibu sana kijana," akasema mwinjilisti. "Tuambie umetokea wapi na umetuletea salamu gani."

"Nimetokea Kilolo," nikaviambia viatu vyangu.

"Anasemaje?" mtu akauliza nyuma.

"Kasema Kilolo!" mama wa kulia akapaza sauti kwa niaba yangu.

"Kilolo ya wapi?"

"Iringa," nikasema.

Vichwa vyote vikanigeukia. Halafu kutoka benchi la mwisho kabisa, bibi mmoja mwenye sauti kama ya filimbi akasema, "Mhehe! Jamani, na mimi mbwa wangu nimemwacha hajafungwa!"

Kanisa likalipuka. Mwinjilisti mwenyewe akajifunika mdomo kwa kitabu. Utani huo wa kwamba Wahehe tunakula mbwa nimeusikia tangu niwe na masikio. Nimeusikia shuleni, kwenye mabasi, na kutoka kwa mwenzangu karibu kila siku ya kazi. Na kila mara jibu langu zuri lilikuja baadaye, nimeshajifunika blanketi, halina mtu wa kumpa. Siku ile, sijui ni joto la wale kina mama, jibu likatangulia kabla sijalizuia.

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Nimekula njiani."

Mama wa kushoto alinipiga bega kwa furaha nikakaa bila kuruhusiwa. Watu walicheka mpaka wengine wakafuta macho. Sikuwa nimewahi kuchekesha watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa kama kukanyaga cherehani uliyoizoea na kukuta kumbe mtu ameifungia mota.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini baada ya ibada, mvua ikiwa imepungua, ukafuata mnada. Watu wa kule, kama watu wa kwetu, wasio na fedha hutoa sadaka ya mazao, na mazao hayo huuzwa nje ya mlango ili kanisa lipate. Palikuwa na njegere, mayai, karoti, ndoo ya viazi, na kabichi moja kubwa kama kiti. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akainunua ile kabichi, akaja nayo mpaka kwangu.

"Nampa mgeni," akawatangazia. "Asije akarudi kwao akasema tulimnyima mboga."

Watu wakapiga makofi. Sasa, kwetu mtu akikununulia kitu mnadani, unashukuru, unakirudisha mezani, kinauzwa tena, kanisa linapata mara mbili. Anayeondoka nacho anaonekana mlafi, na watu watamsimulia mpaka Krismasi. Nikaipokea kabichi kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikaenda kuirudisha mezani.

Makofi yakakatika.

Nikaona wananong'onezana. Mama mmoja akajitokeza, akainunua tena, akaongeza na fungu la karoti. "Labda ilikuwa peke yake," akasema kwa upole. Nikashukuru, nikarudisha vyote mezani, nikijisifu moyoni kwa malezi mema. Mara ya tatu wakachangishana wanaume kadhaa, ikaja kabichi, karoti na ile ndoo ya viazi. Mzee mwenye koti alikuwa amekunja uso. Niliposhika ndoo nielekee nayo mezani, yule bibi wa filimbi akanizibia njia kwa fimbo.

"We Mhehe. Unataka nini, tukupe na shamba?"

Hapo ndipo nilipolazimika kusema. Hakukuwa na namna ya kuonyesha kidole. Nikawaeleza, wote wamenizunguka, kwamba kwetu mgeni hurudisha, kwamba kubeba ni ulafi, kwamba sikuidharau kabichi yao, kwamba kwa kweli ni kabichi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na kwetu tunalima kabichi. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yangu. Nilipomaliza nilikuwa natweta.

"Kumbe!" akasema mzee mwenye koti, uso umefunguka. "Mimi nikadhani kijana anaiona ndogo."

"Hapa mgeni hubeba," bibi akaamua. "Ukirudisha tena nakufungulia mbwa."

Mwinjilisti akasema kama Kilolo wangekuwa wanatuma mgeni kila Jumapili, jengo lingepigwa dari kabla ya masika. Mizigo yangu ikapelekwa kwa bibi kungojea nirudi, maana sasa kila mtu alikuwa anajua nilikuja kwa ajili ya ziwa.

"Peke yako?" akauliza kiongozi wa kwaya, mama mrefu mwenye buti za shamba. "Na njia nani atakuonyesha? Kabichi?"

Mimi nilikuwa nimepanga safari ya mtu mmoja. Nikapanda mlima na kwaya.

Njia ilipita kwenye mashamba ya viazi, halafu ikaingia msituni kwenye mianzi na migomba ya porini, tope mpaka kifundo cha mguu. Waliniuliza mambo mfululizo, na nilipogundua kwamba kwenye mwinuko mkali mtu anajibu kwa kifupi na hakuna anayemlaumu, nikaanza kujibu. Unafanya nini Mbeya? Najifunza kushona. Kushona! Wakasimama wote katikati ya njia.

"Hebu ona hii," akasema kijana mmoja wa sauti ya nne, akanyoosha mkono. Alikuwa bado kwenye sare ya kwaya, na mkono wa shati ulikuwa umeishia karibu na kiwiko. "Fundi wetu alitushonea kwa kukadiria. Tulimpigia simu tukamwambia tuko wengi, wanene na wembamba. Akatushonea hivyo hivyo, wanene na wembamba."

"Tukinyanyua mikono kwenye wimbo wa sifa, mashati yanatoka kiunoni," akasema kiongozi. "Tumeacha kunyanyua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyotegemea. Kuanzia hapo mlima sikuuona tena. Niliona makwapa yaliyobana na mabega yaliyoshuka, nikawa nauliza mimi. Kitambaa gani hiki? Mlikifua kabla ya kukata? Ukiinama kinavuta wapi?

Tukafika juu, ukingoni mwa shimo la mlima. Mbele yetu palikuwa peupe. Ukungu ulikuwa umejaa lile shimo mpaka kwenye vidole vya miguu yetu, kama sufuria ya maziwa.

"Ziwa ni lile pale," kijana wa sauti ya nne akanionyesha weupe.

"Zuri," nikasema kwa heshima.

"Ngoja, huwa unafunguka. Mara moja moja."

Tukangoja. Watu wakakaa juu ya majani ya migomba. Mimi nikaona ni afadhali muda usipotee. Futi yangu ilikuwa imebaki Mwanjelwa, nikachana kamba za mgomba, moja kwa kila mtu, nikawa napima bega mpaka kifundo cha mkono na kufunga fundo. Kina dada nilimwomba kiongozi ashike kamba, mimi nikafunga mafundo. Nilipofika kwa kijana wa sauti ya nne nikamwambia, "Nyanyua mikono kama unavyoimba. Na imba, nione shati linavutwa wapi."

Akaanza. Wenzake wakadakia, maana kwaya haiwezi kumwacha mtu aimbe peke yake. Nilikuwa nimelipa shimo mgongo, kamba mdomoni, nimekaribia kufunga fundo la kwapa, ndipo wimbo ukakatika ghafla. Wote walikuwa wananitazama. Halafu nikaona hawanitazami mimi.

"Fundi, geuka!"

"Ngoja. Usishushe mkono, nikikosea hapa shati lote limekosea."

"Fundi! Geuka!"

"Nakuja, bado fundo moja."

Nikafunga, nikakaza, nikageuka. Peupe.

"Umeona?" wakaniuliza kwa pamoja.

"Nini?"

Kiongozi akakaa chini kwenye tope kwa kucheka. Limefunguka lote, wakaniambia, mpaka ule upande wa chini wa ramani. Walibishana njia nzima ya kurudi kama lilikuwa la kijani au la bluu, na mimi nikabishana nao, sijui kwa ushahidi gani.

Jumatatu Mama alikaa na chai yake. "Haya, umeambiwa nini?"

Nikaanza na bibi na mbwa wake. Nikaenda kwenye kabichi, ambayo wakati huo ilikuwa jikoni kwake. Nikaeleza habari za dari, na za kiongozi wa kwaya aliyeolewa Isongole kutoka Tukuyu na bado anaiona Isongole ina baridi. Nikazitandika zile kamba mezani na kumweleza kila moja ni ya nani: huyu ni sauti ya kwanza, analima njegere, bega la kulia limeshuka kwa kubeba madumu, huyu ni wa sauti ya nne, apewe nafasi kwapani, huyu ananyanyua mikono kwelikweli. Nikamwambia kiongozi atashuka Uyole siku ya soko kuleta vitambaa, akaniuliza kama kibanda kitakuwa wazi, nikashindwa kumjibu. Mwenzangu alikuwa ameacha kukanyaga. Mama alimaliza chai, akajimiminia nyingine, nayo ikapoa.

Niliponyamaza kuvuta pumzi, akauliza, "Na ziwa lenyewe likoje?"

"Sijui, Mama. Lilipofunguka nilikuwa naongea."

"Sema tena."

"Nilikuwa naongea, Mama. Sikuliona."

Mama akainama chini ya meza ya kukatia, akatoa kopo la kwanza la rangi, akaliweka juu ya kamba zangu. Akatoa la pili. "Kesho asubuhi ukaanze na mlango," akasema, "ukauke kabla ya siku ya soko. Na wewe," akamgeukia mwenzangu, "unabaki hapa na mimi. Mifuko tunaianza upya."

Mwenzangu alikaa na sindano mkononi, anaangalia makopo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Mbeya kibanda kile kikawa kimya kabisa. Nikaona si vizuri. Nikavuta stuli, nikakaa karibu naye, nikamuuliza kama rangi ile ni ya mafuta au ya maji.